Safari ya Kongwa: Mtoto Asiyekula Karanga

Ndugu msomaji, ukipanda basi Morogoro kwenda Dodoma, utapita Dumila, utapanda mpaka Gairo penye upepo wa baridi, kisha utaingia katika nchi kavu ya Wagogo. Kibaigwa utaona magunia ya mahindi yamepangwa marefu kama nyumba, maana pale pana soko kubwa la nafaka. Ukifika Mbande, shuka, ushike njia iendayo Kongwa na Mpwapwa. Hapo ndipo nilipokwenda mwezi wa Mei, na leo nataka twende pamoja.

Sikwenda kutembea. Binti yangu ameolewa huko Kongwa. Jioni moja alinipigia simu akilia. "Baba," akasema, "njoo umchukue mtoto akakae na wewe. Shule ya huku itamwua." Mtoto huyo ni mjukuu wangu wa kiume, ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Basi nikatia nguo mbili katika mfuko, nikapanda basi la alfajiri. Nilikaa siku tano, kisha nikarudi Morogoro peke yangu. Nitakueleza kwa nini sikumchukua, kwa sababu huenda katika kijiji chako yumo mtoto kama huyo, nawe hujui.

KARANGA MKONONI

Pale Gairo wachuuzi walikimbilia madirisha ya basi kama ilivyo desturi: huyu ana mayai ya kuchemsha, huyu ana maji, huyu ana karanga za kukaanga katika vikaratasi. Nilinunua karanga. Nilizila taratibu njia nzima, nikitupa maganda katika mfuko wangu wa koti, hata nikafika.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili. Nilimnyoshea mikono. Lakini mama yake alisimama katikati yetu.

"Shikamoo, Baba. Usimshike kwanza. Umekula nini njiani?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekula karanga tu."

Hakunijibu. Alileta beseni, birika la maji na sabuni, akaninawisha mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Akanipa maji nisukutue kinywa. Koti langu akalitoa nje, akalikung'uta mbali na nyumba. Nisikufiche, msomaji, moyoni nilichukizwa. Mimi mzee wa miaka sabini, kuoshwa mikono kama mtoto kabla ya kumshika mjukuu wangu! Nikanyamaza kwa kuwa nilimwona yule mtoto. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa akingoja mambo yaishe, kama mtu aliyezoea. Nilipokauka mikono, ndipo akaja mbio.

Usiku, mtoto alipolala, binti yangu akanieleza yote.

MAMBO YALIYOMPATA MTOTO

Alipokuwa na miaka mitatu walikwenda kwenye karamu ya ubatizo kwa jirani. Mtu alimpa kipande cha kashata ya karanga. Kabla karamu haijakwisha, midomo yake ilivimba, macho yakafunga, na mwili wote ukatoka mabaka yenye kuwasha. Akatapika. Kikongwe mmoja akasema ni jicho baya la watu. Mwingine akasema ni minyoo. Uvimbe ulipungua siku ya pili, na mambo yakasahauliwa. Miezi michache baadaye alionja mlenda uliotiwa karanga, na mambo yakawa yale yale. Ndipo mama yake akajua kwamba ni karanga. Tangu hapo hakuna karanga iliyoingia ndani ya nyumba ile.

"Je, ulipompeleka shule mwezi wa Januari uliwaambia walimu?" nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. "Sikuwaambia, Baba. Niliogopa watu watasema mtoto amerogwa, au ana maradhi ya kuambukiza, na wenziwe wasikae naye. Uji wa shule ulikuwa wa mahindi na sukari tu. Nilidhani nitamlinda mwenyewe."

Basi mavuno yakaja. Wazazi walichanga karanga mpya ili uji wa watoto uwe na nguvu, na hilo lilikuwa jambo jema. Mpishi alizitwanga akazitia chunguni. Mjukuu wangu alikunywa mafunda mawili. Akaanza kujikuna shingo, sauti ikakauka, akapumua kwa kukoroma kama mtu mwenye pumu. Mwalimu wa darasa, kijana mdogo, hakujua ni ugonjwa gani, lakini aliona kwamba si jambo la kungoja. Alimpakata juu ya pikipiki, wakaenda mbio mpaka kituo cha afya. Mganga alipomtazama tu alimdunga sindano ya adrenalini pajani. Katika dakika chache pumzi ikarudi. Walimlaza hapo usiku kucha wamwangalie, maana dalili hizi huweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama mgonjwa anaonekana amepona.

Baba yake alisema, "Shule basi. Atakaa nyumbani." Mama yake akasema, "Aende kwa babu." Ndipo nilipoitwa.

MZIO NI NINI

Msomaji, ugonjwa huu huitwa mzio. Mwili wa kila mtu una askari wake wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Kwa mtu mwenye mzio askari hao hukosea. Wanaona chakula kizuri, wanakidhani ni adui, wanapiga vita. Vita hiyo ndiyo inayoleta mabaka, uvimbe, kutapika na kubanwa pumzi, na mara nyingine damu hupungua nguvu mwilini hata mtu akaanguka. Ukali huo wa mwisho ulichunguzwa na waganga wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, mwaka 1902. Richet alipewa nishani ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo.

Si karanga peke yake. Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai hupona wakikua. Mzio wa karanga mara nyingi hubaki mpaka utu uzima. Wala si jambo la wingi wa chakula. Kwa mtoto mwenye mzio mkali, punje iliyosagwa iliyobaki kwenye mwiko yatosha kumwangusha.

Wala mzio hauambukizi. Mtoto huyu anaweza kulala na wenziwe, kucheza nao na kukaa nao dawati moja. Harufu ya karanga peke yake kwa kawaida haileti hatari kubwa. Hatari ni kuila, na mtoto mdogo hutia mikono kinywani kila mara; ndiyo maana ya lile beseni la mlangoni. Maji matupu hayatoshi kuondoa karanga mikononi. Sabuni huiondoa.

NCHI YA MIBUYU

Kesho yake mkwe wangu alinichukua kutembea nje ya mji. Yeye ni Mgogo, mkulima, mtu wa maneno machache. Kila tuliyekutana naye alitusalimu, "Mbukwenyi!" Nchi yenyewe ni tambarare yenye vichaka vya miiba, na mibuyu minene imesimama mbali mbali kama wazee wasiosemezana. Ilikuwa wakati wa mavuno, na kila ua ulikuwa na mkeka wa karanga zilizoanikwa. Niliona sasa binti yangu anaishi katikati ya nini.

"Unajua, Baba," akasema mkwe wangu, "ng'ombe wa mahari niliyokuletea walinunuliwa kwa karanga." Tukacheka wote wawili. Lakini mwaka huu shamba lake la karanga amemwachia ndugu yake, naye amepanda alizeti na mtama. Alizeti haikumpa fedha kama karanga. Hakulalamika. Aliniambia tu.

Kisha akanionyesha mahali palipokuwa na mashamba makubwa ya Waingereza. Habari hizi huenda umezisikia. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yao ilimtuma John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa kilimo Tanganyika, kuja na wenzake kutazama nchi. Wakapanga kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Lakini mibuyu na mizizi ya vichaka ilivunja mashine. Mvua zilikuwa chache. Udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, na karanga hazikung'oka. Januari 1951 mpango huo uliachwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Baadaye sehemu ya nchi hiyo ikawa ranchi ya ng'ombe, na tangu mwaka 1964 Kongwa ikapokea kambi za wapigania uhuru waliotoka nchi za kusini mwa Afrika.

Mkwe wangu aliokota bonge la udongo, akalibonyeza, halikuvunjika. "Karanga hazikuwa na kosa," akasema, "wala udongo huu hauna kosa. Sisi twalima hapa karanga kidogo kidogo, tukitazama mvua, na twavuna. Wale hawakuuliza." Akalitupa lile bonge. Kisha akasema, "Na mimi, Baba, sikumwuliza mtoto kama anataka kuacha shule. Nilisema tu shule basi."

KIKAO CHA WAZAZI

Siku ya tatu palikuwa na kikao cha wazazi chini ya mti, kando ya jiko la shule. Mwalimu mkuu alieleza yaliyotokea, akaomba karanga ziondolewe katika uji.

Baba mmoja akasimama mara moja. "Mwalimu, shule hii ina watoto mia tatu. Karanga ndizo nyama ya maskini. Kwa ajili ya mtoto mmoja, mia tatu wakose nguvu?" Watu wengi waliitikia. Nami, msomaji, sitasema kwamba neno lake lilikuwa baya. Watoto wengine pale hawapati chakula kingine mpaka jioni, na karanga ni chakula chenye kujenga mwili na kutia joto. Huyo baba aliwatetea watoto wake, kama binti yangu anavyomtetea wake.

Ndipo binti yangu aliposimama. Aliongea kwa sauti ndogo, watu wakanyamaza ili wamsikie. "Ndugu zangu, kosa la kwanza ni langu. Nilijua tangu mtoto ana miaka mitatu, nikaficha kwa aibu. Mama mpishi alipika kwa moyo mwema, akaja kuona mtoto anakata roho mbele yake. Kama ningesema, jambo hilo lisingetokea. Mama, unisamehe." Yule mpishi alikuwa ameketi chini karibu na chungu. Akajifuta macho kwa khanga, asiseme neno.

Kisha akasimama mzee mmoja mwenye fimbo. Akauliza, "Hapa nani hana mzio?" Watu wakatazamana. "Ukoo wangu kuna nyama tusiyokula tangu enzi za mababu. Nimealikwa nyumba nyingi hapa, na hakuna aliyenilazimisha. Mkijua nakuja, mwaniwekea mboga nyingine, wala hamsemi kwamba nawaonea. Mzio wangu ni wa desturi. Nikiuvunja huenda nisife. Huyu mtoto mzio wake ni wa damu. Mbona wangu mmeuheshimu miaka yote?"

Basi maneno yakageuka. Ikakubaliwa kwamba chungu cha shule kisiingie karanga. Karanga zilizochangwa ziuzwe, fedha inunue maharagwe yaliwe mchana pamoja na ugali. Mwenye kutaka mwanawe ale karanga ampe nyumbani, na amnawishe kwa sabuni kabla ya kuja shule. Mpishi alipewa sufuria na mwiko mpya wa uji, na mjukuu wangu ana kikombe chake chenye alama nyekundu, asichochangia na mtu.

Jambo moja lilibaki gumu. Pale langoni huketi mjane mmoja auzaye kashata na karanga za kuchemsha. Kwa hizo huwalisha watoto wake. Watu wengine walitaka afukuzwe. Mwalimu mkuu alikataa. Walipatana kwamba saa za mapumziko auze ubuyu na mihogo, na kashata aziuze jioni sokoni. Alikubali, lakini hakufurahi, maana watoto hupenda kashata kuliko ubuyu. Binti yangu sasa hununua ubuyu kwake kila siku, ingawa nyumbani kwao ubuyu haukosekani. Na yule baba wa kwanza aliondoka kikaoni bila kuaga. Nakueleza mambo kama yalivyokuwa.

YAFAAYO KUFANYWA

Kama una mtoto wa namna hii, au wewe ni mwalimu au mpishi wa shule, shika maneno haya.

Kwanza, sema mapema. Mwambie mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mpishi na mchuuzi wa langoni. Waambie majirani katika jumuiya. Mama peke yake hawezi kulinda kinywa cha mtoto anayeshinda nje ya macho yake.

Pili, mpeleke mtoto kwa mganga ajue hakika ni chakula gani. Usimjaribu mwenyewe nyumbani kwa kumpa kidogo uone. Wala usimkataze vyakula kumi kwa kubahatisha, maana atadhoofika bure.

Tatu, chombo ni sawa na chakula. Mwiko, kinu, sufuria na mafuta yaliyokaangia karanga visitumike kwa chakula chake. Uliza pia unga wa uji wa lishe, kwa sababu mara nyingi husagwa pamoja na karanga au soya.

Nne, jua dalili. Mabaka na midomo kuvimba ni onyo. Kikohozi, sauti kukauka, pumzi kubanwa, kulegea au kuzimia ni hatari ya kufa. Hapo usimpe maziwa wala dawa ya kienyeji, usingoje baba arudi shambani. Mlaze, inua miguu yake. Kama pumzi inambana, mwache akae. Asisimamishwe wala asitembee. Mpeleke mara moja penye sindano ya adrenalini. Vidonge vya kuzuia mwasho haviwezi kuchukua mahali pa sindano hiyo.

Tano, ulizia sindano kabla ya kuihitaji. Katika nchi za ng'ambo watoto wengi hubeba adrenalini katika kalamu maalum ya kujidunga. Vijijini kwetu kalamu hizo ni shida kupatikana na bei yake ni kubwa. Lakini adrenalini ya chupa ndogo ni dawa ya siku nyingi, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Binti yangu huenda kituoni kila mwisho wa mwezi kuuliza, "Ipo?" Na ukutani mwa ofisi ya walimu kuna karatasi yenye picha ya mtoto, dalili, na namba za simu za kituo na za vijana wawili wa pikipiki.

Neno jingine kwa akina mama wenye watoto wachanga. Usisome habari hizi ukaanza kuwanyima watoto wote karanga kwa hofu. Mwaka 2015 waganga wa London wakiongozwa na Gideon Lack walitoa habari za watoto wachanga 640 ambao hali zao zilionyesha kwamba wangeweza kupata mzio. Wengine walilishwa karanga tangu uchanga, wengine walinyimwa mpaka miaka mitano. Waliolishwa mapema ndio waliopata mzio kwa uchache zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa sana. Basi mtoto aliyeanza kula aweza kupewa karanga zilizosagwa laini katika uji, si punje nzima, maana punje humkaba. Ila kama ana ukurutu mkali wa ngozi au amekwisha dhurika na mayai, muulize mganga kwanza.

Wala usichanganye mzio na sumukuvu. Sumukuvu ni sumu ya ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Hiyo humdhuru kila mtu, nayo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Karanga na mahindi yenye ukungu yasiliwe na mtu yeyote.

"HATA KIDOGO"

Siku ya nne nilimwambia mkwe wangu kwamba nitaondoka kesho na mtoto, kama walivyoniomba. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Baba, Morogoro hakuna karanga?"

Sikuwa na jibu. Nilifikiri mtaa wangu. Kila pembe kuna mtu mwenye sinia la karanga. Majirani zangu ni watu wema, lakini hakuna hata mmoja amjuaye mtoto huyu. Mwalimu hamjui, mpishi hamjui, mwenye pikipiki hamjui. Ningemtoa penye watu wanaojua nikampeleka penye watu wasiojua, nikauita huo ndio usalama.

Jioni hiyo nilikuwa nimeketi uani na mjukuu wangu. Akaja bibi mmoja jirani, mzee sana, hakufika kikaoni. Amebeba kikapu cha karanga za kuchemsha, zawadi ya mgeni. Moyo wangu ulishtuka. Katika nchi yetu kukataa chakula cha mkubwa ni utovu wa adabu, na mtoto wa miaka sita atafanyaje? Mama yake alikuwa ndani. Nilitaka kusema, lakini mtoto aliniwahi.

Alisimama, akarudi hatua moja, mikono nyuma. "Shikamoo, bibi. Asante sana. Mimi karanga zinanidhuru."

"Marahaba. Ni kidogo tu, mjukuu wangu."

"Hata kidogo, bibi."

Bibi akamtazama, kisha akanitazama mimi. Nikamweleza. Akakifunika kikapu kwa khanga yake, akakiweka mbali nyuma ya mlango wa ua, akaomba maji anawe. Mtoto mwenyewe ndiye aliyemletea sabuni.

Asubuhi walinisindikiza mpaka stendi. Mtoto alikuwa na sare zake na kikombe chake chenye alama nyekundu mkononi. Kengele ya shule ilikuwa karibu kulia, hakuweza kungoja basi langu liondoke. Alinipungia mkono, akakimbia. Mama yake alimfuata kwa macho mpaka alipokata kona. Hofu haikumwondoka, nami sidhani kama itamwondoka.

Basi lilipofika Gairo wachuuzi walikimbilia madirisha. Nilinunua mayai mawili ya kuchemsha. Karibu yangu aliketi mama mmoja na mtoto mgongoni, na kabla sijamenya yai nilimwuliza, "Mama, mtoto wako hana neno na mayai?" Alinishangaa. Njia ilikuwa ndefu, nikamweleza habari hizi zote kama nilivyokueleza wewe.